Kosa la Hakimu Hulipwa na Nani?

Juu ya kilima cha Kibuli, jijini Kampala, umesimama msikiti mweupe ambao ardhi yake ilitolewa na Mwanamfalme Badru Kakungulu. Jiwe la msingi liliwekwa mwaka 1941, ujenzi ukakamilika mwaka 1951, na hospitali na shule za Waislamu zikakua kando yake. Kilima hichohicho kina pia chuo cha mafunzo ya polisi na makao makuu ya idara ya upelelezi wa jinai. Ndiyo maana mtu wa Kampala akisikia redioni kwamba Kibuli wamesema, hana budi kungoja sentensi ya pili ili ajue kama waliosema ni masheikh au makachero.

Majirani hawa wawili wanalo neno moja wanalolitumia kila siku: shahidi. Kwa kachero, shahidi ni mtu aliyeona jambo na sasa ameketi kuandikisha maelezo. Kwa sheikh ni huyo pia, lakini vilevile ni mtu aliyeuawa akiishikilia haki, kama vijana Waislamu wa ikulu ya Kabaka Muteesa wa Kwanza, mfalme wa Buganda, waliouawa Namugongo katika miaka ya 1870, takribani mwongo mmoja kabla ya Wakristo wa mwaka 1886. Kiswahili, kikifuata Kiarabu, kimempa jina moja anayesema na anayekufa. Katika kesi za kunyonga, wawili hao hukutana: shahidi wa kwanza akikosea, humzaa wa pili.

Adhabu ya kifo imezoeleka kujadiliwa kwa kipimo cha ukali: nani mkali, nani mpole, nani ameendelea, nani amebaki nyuma. Kipimo hicho kinachosha na hakitufikishi mbali. Hakuna jadi ya sheria niijuayo ambayo haikutambua kwamba shahidi huweza kusema uongo, jicho huweza kudanganyika na hakimu huweza kupotoshwa. Tofauti yao iko mahali pengine. Wakati wa hukumu, kila jadi inaifanya nini shaka? Na hukumu ikishatekelezwa, kisha ikaonekana ilikuwa kosa, nani anadaiwa?

Tuanze na jadi iliyomwondolea hakimu mzigo wote. Katika Buganda ya zamani, kesi iliyoshindikana kwa ushahidi iliweza kupelekwa kwenye madudu, kinywaji kikali kilichotokana na mmea unaolevya. Aliyelewa akaanguka alihesabiwa mkosa. Aliyeweza kusimama na kwenda kushukuru alihesabiwa mkweli. Pwani ya Kenya, Wamijikenda walikuwa na kiapo cha shoka: chuma kilichochomwa motoni kikapitishwa kiganjani, na lengelenge likawa ndilo hukumu. Kusini zaidi kulikuwa na mwavi, sumu ya mti iliyonyweshwa mshukiwa. Msomaji wa leo hucheka, lakini ni vema acheke akijua anachokicheka. Watu hao hawakuwa wajinga wa shaka. Waliijua vizuri mno, hata wakaogopa kuibeba, wakaikabidhi kwa mti, kwa moto au kwa mizimu. Mwavi ukimuua asiye na hatia, hakuna wa kudaiwa, kwa kuwa hakuna mtu aliyehukumu. Na pale ambapo neno la Kabaka lilitosha bila kinywaji wala shoka, mambo yalikuwa hayohayo: mnyongaji wake Mukajanga na watu wake walitii amri, naye aliyeamuru hakuwa na wa kumdai.

Fikihi ya Kiislamu iliichukua shaka kwa namna nyingine kabisa. Mfano unaojulikana sana ni wa Maiz bin Malik, aliyemwendea Mtume Muhammad (S.A.W.) kukiri zinaa, kosa ambalo adhabu yake kwake ilikuwa kupigwa mawe. Mtume aligeuza uso. Maiz akazunguka upande wa pili akakiri tena, na tena, hata mara nne. Ndipo akaulizwa kama ana wazimu, kama amelewa, kama hakuwa amebusu tu au kushika. Adhabu ilipoanza, Maiz alikimbia, watu wakamfuata wakammaliza. Na Mtume alipopata habari aliuliza kwa nini hawakumwacha. Wanazuoni walitoa humo kanuni mbili: hadi, yaani adhabu zilizopangwa na dini yenyewe, huzuiwa na shubha, yaani shaka, na aliyekiri anaruhusiwa kurudi nyuma katika kukiri kwake.

Liweke simulizi hilo kando ya chumba chochote cha upelelezi duniani. Chumbani mule, mshukiwa akikiri, kalamu huwekwa chini na faili hufungwa. Kwa Mtume, kukiri kulikuwa mwanzo wa maswali.

Kuhusu kuua, fikihi hulitia jambo katika kisasi badala ya hadi, na hapo ndugu wa marehemu wana hiari tatu: kudai roho, kupokea dia, yaani malipo ya damu, au kusamehe. Lakini ushahidi usipokuwepo? Abdullah bin Sahl alikutwa ameuawa Khaybar. Ndugu zake waliwashuku Wayahudi wa mji ule. Mtume aliwauliza kama wako tayari kula yamini hamsini; wakasema watawezaje kuapia jambo ambalo hawakuliona. Wakaambiwa basi yamini hizo zitaliwa na washukiwa, lakini ndugu wakakataa kuviamini viapo vya watu wasiokuwa wa dini yao. Mwisho wake Mtume mwenyewe akawalipa dia ya ngamia 100. Tazama hesabu ilivyokwenda: damu haikuachwa ipotee bure, wala hakuna aliyeuawa kwa kushukiwa. Gharama ya kutojua ilibebwa na mtawala.

Na kosa likishatendeka? Ipo habari ya Ali bin Abi Talib. Watu wawili walishuhudia mbele yake kwamba fulani ameiba, mkono wa yule mtu ukakatwa. Kisha wakaleta mtu mwingine, wakasema samahani, mwizi ni huyu, yule wa kwanza tulimkosea. Ali aliukataa ushahidi wao wa pili, akawatoza dia ya mkono, akawaambia kwamba angejua wamekusudia angewakata wao. Wanazuoni wa Shafi, madhehebu yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani yetu, wamejenga juu ya msingi huo: mashahidi wakirudi nyuma baada ya mtu kuuawa, wanawajibika kwa damu yake. Kosa la mahakama lina mwenyewe, na mwenyewe ana jina.

Haingekuwa uadilifu kuishia hapo. Milango iliyofungwa na hadi imeachwa wazi na taazir, yaani adhabu ambazo mtawala hujipangia. Saudi Arabia iliua zaidi ya watu 300 mwaka 2024, zaidi ya 100 kati yao kwa makosa ya dawa za kulevya, ambayo hayamo katika hadi wala katika kisasi. Zaidi ya 100 walikuwa wageni. Dia nayo ina upungufu wake: mwenye ukoo tajiri hukombolewa, na mfanyakazi wa ndani aliyetoka kwetu, asiye na mtu wa kumchangia, hubaki na kitanzi chake au upanga wake. Kanuni inayozuia adhabu kwa shubha ni njema. Inamhitaji kadhi anayethubutu kuitumia mbele ya mfalme.

Waingereza walikuja na jadi yao, na tangu mwaka 1902 sheria yao imekuwa ndiyo mwili wa sheria ya Uganda. William Blackstone, katika karne ya 18, aliandika kwamba ni heri wakosa kumi waponyoke kuliko asiye na hatia mmoja aumie. Nia yake na ile ya mafakihi ni moja. Hata kuhusu kukiri wanakaribiana: Sheria ya Ushahidi ya Uganda, iliyochota kutoka ile ya India ya mwaka 1872, haipokei kukiri mbele ya polisi isipokuwa mbele ya ofisa mwenye cheo kisichopungua mkaguzi msaidizi, au mbele ya hakimu, na kukiri kulikotolewa kwa kipigo hakufai kitu. Yaani sheria yenyewe haimwamini askari peke yake chumbani. Kila askari anayefunzwa pale Kibuli hufunzwa kwamba sheria ina wasiwasi naye.

Tatizo la jadi hii ni kwamba imeweka shaka yote upande wa mbele wa hukumu. Hukumu ikishatoka na rufaa zikiisha, mtambo hujiamini. Ushahidi wa jambo hilo unapatikana Cardiff. Mahmood Hussein Mattan alikuwa baharia Msomali, aliyezaliwa katika Somalia ya Waingereza, akaoa Wales na kuzaa watoto watatu wa kiume. Mwaka 1952 mwenye duka mmoja aliuawa, na Mattan akashitakiwa. Kiingereza chake kilikuwa cha kuombea maji. Wakili wake mwenyewe aliliambia baraza la mahakama kwamba mteja wake ni nusu mtoto wa maumbile na nusu mshenzi. Shahidi mkuu alisema alimwona karibu na duka. Tarehe 3 Septemba 1952 Mattan alinyongwa, akazikwa ndani ya gereza.

Shahidi yule, miaka 17 baadaye, alitiwa hatiani kwa kujaribu kumuua binti yake mwenyewe. Ilichukua miaka mingine tena kabla familia haijaruhusiwa kuuhamisha mwili kutoka gerezani, mwaka 1996, na mwaka 1998 Mahakama ya Rufaa ikaifuta hukumu. Familia ililipwa fidia, na mwaka 2022 polisi waliomba radhi. Kumbe jadi ya Kiingereza nayo inaweza kulipa dia, ila ilimlipa mjane na watoto waliokuwa wameishi miaka 46 wakiitwa familia ya muuaji.

Lililotokea huku kwetu mwaka mmoja baada ya Mattan kunyongwa linastahili kuwekwa kando ya hilo. Mwaka 1953, katika shauri la Abdalla bin Wendo, Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki iliwaonya majaji kuhusu kumtia mtu hatiani kwa utambuzi wa shahidi mmoja aliyeona katika mazingira magumu. Mwaka 1967, katika shauri la Roria, mahakama hiyohiyo ilirejea maneno ya Lord Gardiner wa Uingereza: kama wapo wasio na hatia wanaofungwa, basi tisa katika kila kumi wamefungwa kwa kufananishwa. Kisha mahakama ya rufaa ya Uganda, katika shauri la Abdalla Nabulere, ikatoa orodha ambayo kila mwanafunzi wa sheria wa Makerere anaijua kwa moyo: mwanga ulikuwaje, umbali ulikuwa kiasi gani, shahidi alimtazama kwa muda gani, alimjua kabla? Kwenye karatasi, hakuna hekima iliyokosekana.

Ndipo akatokea Edward Edmary Mpagi. Mwaka 1981 alikamatwa, na mwaka 1982 akahukumiwa kunyongwa pamoja na binamu yake kwa mauaji ya jirani yao. Jirani hakuwa amekufa. Alikuwa hai, anapumua, anaonekana na watu wa kwao. Binamu alifia gerezani. Mpagi alikaa katika sehemu ya wanaongoja kunyongwa, gereza la Luzira, zaidi ya miaka 18. Aprili 1999 walinyongwa watu 28 katika gereza hilo. Mpagi alikuwa humo bado. Jina lake halikuwamo katika orodha ya safari ile. Mwaka 2000 aliachiwa, na tangu hapo ameifanya kazi ya maisha yake kuipinga adhabu ile.

Orodha ya Nabulere inasaidia pale ambapo watu wanabishana nani aliyeua. Haina swali la kama kweli kuna aliyekufa.

Baada ya unyongaji wa 1999 hakuna raia aliyenyongwa tena Uganda, ingawa hukumu za kifo hazikukoma. Wafungwa waliobaki walikwenda wenyewe mahakamani. Susan Kigula, aliyehukumiwa mwaka 2002 kwa mauaji ya mwenzi wake na ambaye siku zote amekana kosa hilo, alitanguliza jina lake katika shauri la watu 418 dhidi ya Mwanasheria Mkuu. Mwaka 2005 Mahakama ya Katiba, na Januari 2009 Mahakama ya Juu, zilisema mambo matatu. Kwanza, adhabu ya kifo yenyewe haivunji katiba, kwa kuwa ibara ya 22 inaitambua. Pili, kumlazimisha jaji atoe adhabu hiyo bila kusikiliza hali ya mtu ni kinyume cha katiba. Tatu, mtu akingojeshwa zaidi ya miaka mitatu baada ya rufaa ya mwisho, hukumu yake igeuke kifungo cha maisha. Kigula alipangiwa adhabu upya, akatoka Januari 2016, akiwa amesomea sheria ya Chuo Kikuu cha London akiwa gerezani.

Kenya ilifika hapohapo mwaka 2017 katika shauri la Muruatetu. Tanzania imepinda njia nyingine: mwaka 1994 Jaji Mwalusanya alisema adhabu ya kifo ni ya kikatili na ni batili, mwaka uliofuata Mahakama ya Rufaa ikakubali ukatili, ikakataa ubatili. Mwaka 2019, katika shauri la Ally Rajabu, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, iliyoko Arusha, iliiambia Tanzania kwamba kifo cha lazima kinavunja haki ya uhai. Na mwaka 2017 Rais Magufuli, akimwapisha Jaji Mkuu, alitamka hadharani kwamba hataki kupelekewa orodha ya watu wa kunyongwa. Tangu 1994 hakuna aliyenyongwa Tanzania. Wenye kalamu ya mwisho wanaonekana kuijua shaka hata pale sheria imewaambia imekwisha.

Si wote, na si kila mahali. Machi 2002 padri wa Ireland, Declan O'Toole, aliuawa Karamoja. Askari wawili walishitakiwa mbele ya mahakama ya kijeshi huko Kotido, kesi ikachukua muda usiofika saa tatu, wakapigwa risasi siku hiyohiyo. Kutoka mauaji hadi utekelezaji ni siku nne. Hapakuwa na rufaa. Huenda ndio walioua, lakini kesi ya saa tatu haiwezi kumwambia mtu lolote zaidi ya huenda. Na mitaani Kampala ipo mahakama iliyo fupi kuliko hiyo: mtu hupiga kelele "Omubbi!", yaani mwizi, na kabla mwizi na asiye mwizi hawajatofautishwa, mawe na matairi yamefika. Polisi huhesabu waliouawa hivyo kwa mamia kila mwaka. Umati ni mwavi uliorudi. Kila aliyerusha jiwe atakuambia kwamba hakuua yeye.

Watetezi wa kitanzi hutumia umati huo kama hoja, na hoja yao si ya kupuuzwa. Wanasema serikali isiponyonga, watu watanyonga wenyewe. Rais Museveni, akizungumza na maofisa wa magereza Januari 2018, alisema upole wake umewapa wahalifu kiburi, na kwamba angefikiria kunyongesha wachache. Mzazi aliyezika mtoto hana deni la kutuelewa sisi tunaoandika insha. Lakini umati hauwaki kwa sababu Luzira imekuwa mpole. Unawaka kwa sababu watu hawaamini kwamba kesi itapelelezwa, na kesi isiyopelelezwa vizuri haifai kwa kunyonga kama isivyofaa kwa kuachia. Asiyeamini kwamba polisi watamkamata mwizi halisi, anaaminije kwamba watamnyonga muuaji halisi?

Jadi moja ya Uganda imebaki, ile ya Waacholi wa kaskazini. Kwao mtu wa ukoo mmoja akiua wa ukoo mwingine, wazee husimamia upatanisho: ukweli husemwa, damu hulipwa, na mwisho pande mbili hunywa pamoja maji machungu ya mzizi wa oput. Ndiyo mato oput. Nayo ina madoa yake: ukoo mzima hubeba kosa la mmoja, na zamani malipo yaliweza kuwa msichana. Lakini ina fadhila moja ambayo mabishano ya kisheria huisahau. Ikigundulika kwamba aliyelipa hakuwa muuaji, ng'ombe waliolipwa wanaweza kurudi. Kilichotolewa ni kitu kinachoweza kurudishwa.

Sasa tuzirudie jadi hizi na swali letu la deni. Kwenye mwavi hakuna anayelipa. Mbele ya Ali analipa shahidi. Khaybar alilipa mtawala. Kwa Waacholi unalipa ukoo, na malipo yanaweza kurudi. Cardiff ililipa serikali, ila mwenye haki alikuwa ameshaoza chini ya ua wa gereza. Nikizitazama zote, naona kwamba zilizo bora ni zile zilizomtaja mdaiwa kabla kosa halijatendeka, na adhabu ya kifo ndiyo pekee inayomwondoa mdai. Hata dia, iliyo nzuri kuliko fidia ya Cardiff, hulipwa kwa warithi. Mafakihi walilijua hilo. Kwa sababu hiyo wakaujaza mlango wa hukumu vizuizi vingi kiasi kwamba mtu mwaminifu angekuwa na kazi kuupita. Wakili wa Kampala anayeisoma katiba yake na mwanafunzi wa fikihi pale msikitini wanaweza kufika mahali pamoja bila yeyote kuiacha jadi yake: adhabu isiyo na marejesho inadai uhakika ambao jadi zao zote mbili zimekiri kwamba binadamu hana.

Inabaki karatasi iliyomtoa Mpagi Luzira. Haikuwa hukumu ya mahakama iliyosema tulikosea. Ilikuwa msamaha wa Rais. Mtu aliyefungwa zaidi ya miaka 18 kwa kumuua mtu aliye hai alitoka langoni akiwa amesamehewa, na katika Kiswahili chochote, cha msikitini au cha makachero, anayesamehewa ni mdaiwa.